Dole Gumba la Bibi Mwanaima

Wenzake wengi wa mwaka wa pili, sayansi ya siasa, walibaki Dar es Salaam kufanya fildi kwenye ofisi zenye viyoyozi. Raudha aliomba kurudi kwao kusini. Alikuwa mtoto wa Ruangwa, amekulia kwenye ufuta na korosho, na barua ya shirika dogo la maridhiano la Nachingwea mjini ilipofika alimpigia mama yake simu huku anacheka. Angeshiriki kuwasuluhisha wakulima na wafugaji. Mambo hayo darasani walikuwa wameyaandikia kurasa na kurasa. Sasa angeyaona kwa macho.

Mkurugenzi, Saturnini, alimpokea vizuri. "Siasa yenyewe iko huku, binti," alimwambia. "Yale madesa yenu ya darasani utayasahau."

Wiki ya tatu walikwenda kijiji cha Nampunga. Miaka minne nyuma familia kadhaa za Wasukuma zilikuwa zimehamia pale na ng'ombe wao, na tangu hapo kila msimu ulikuwa na ugomvi wake. Watu arobaini na watatu waliingia mkutanoni, kwenye ghala la korosho. Raudha aliwahesabu mwenyewe. Saturnini akatangaza kuwa dawa ni moja: ng'ombe watengewe mapito, washuke bondeni mpaka mtoni.

Mwanamke mzee akasimama. Aliitwa Bibi Mwanaima, mjane, na Kiswahili chake kilichanganyika na Kimwera.

"Hilo bonde mnalosema ndiyo shamba langu. Ufuta wangu umo, mikorosho ya marehemu imo. Hao ng'ombe watapita wapi, mgongoni kwangu?"

"Tumekusikia, mama," Saturnini alijibu, akitazama saa.

Raudha alianza kuandika. Fahadi, karani wa shirika, akamgusa kiwiko. "Hiyo acha."

Kisha mwenyekiti wa kijiji, Habibu, na mkubwa wa wafugaji, Masanja, wakaambiwa washikane mikono mbele ya kamera. Walishikana mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza Masanja hakutabasamu. Soda zikagawiwa, gari likaondoka.

Kesho yake asubuhi Fahadi alimwekea mezani karatasi za makubaliano. Zilisema kwamba watu mia moja na kumi na wawili walihudhuria, na wote wameridhia mapito.

"Mbona walikuwa arobaini na watatu?"

"Wafadhili wanataka mia na zaidi. Majina tunayo, ya ule mradi wa mbegu wa mwaka juzi. Mimi nasaini, wewe gonga madole. Badilisha badilisha vidole, visifanane."

Raudha alimtazama Saturnini, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Tathmini yako naiandika Ijumaa," Saturnini alisema kwa upole. "Usiniangushe."

Raudha akagonga. Dole la kulia, la kushoto, kidole cha shahada, cha mwisho. Vilipokwisha, Fahadi alivua kiatu na soksi, akaloweka vidole vya mguu kwenye pedi ya wino na kuendelea navyo, mguu juu ya meza, kucha ndefu zikikwaruza majina ya watu. Chumba kilinuka. Saturnini alicheka mpaka chai ikamwagika. Raudha naye alicheka. Mbele ya jina la Mwanaima alisita kidogo, kisha akabandika dole lake la kushoto.

Jioni alinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikawasha.

Baada ya wiki mbili vijana walianza kufyeka mapito. Bibi Mwanaima akatandika mkeka wake katikati ya shamba, akakaa. Kijiji kikakusanyika, shirika likaitwa. Saturnini alishuka kwenye gari na karatasi mkononi, Raudha nyuma yake.

"Mama, unatuaibisha. Uliridhia mwenyewe. Dole lako hili hapa."

Bibi Mwanaima aliipokea karatasi. Akaiangalia sana, kisha akaangalia dole lake.

"Mimi kusoma sijui. Ila hili dole lina mistari. La kwangu halina. Nimebangua korosho tangu mtoto, mafuta ya maganda yamekula yote." Akainua mkono. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa kama kovu la moto.

"Wino hutanuka, mama," Saturnini alisema. "Na umri nao unasahaulisha." Akawageukia watu, akatabasamu. Wachache wakacheka. Bibi Mwanaima alishusha mkono taratibu, akaanza kuitazama tena ile karatasi, kama mtu anayejitilia shaka mwenyewe.

Hapo Raudha alipita mbele ya Saturnini.

"Ni dole langu," alisema. "Niligonga mimi. Mengine ni ya Fahadi, ya miguu."

Kelele zilizofuata hazikumlenga Saturnini peke yake. Masanja alisogea. "Kwa hiyo na sisi mlitudanganya?"

Mkewe, Lydia, alimkabili Raudha usoni. "Zizi tumeshabomoa tuhamie karibu na mapito, kwa ajili ya karatasi yako. Ng'ombe wanalala nje. Wiki mbili zote hizo ulikuwa unangoja nini?"

Gari la shirika liliondoka bila Raudha.

Tathmini yake ilisema kwamba hana nidhamu na hafai kwa kazi za jamii. Alipompigia mhadhiri wake, Kasiano, alimweleza kila kitu. Kasiano alikohoa.

"Mashirika ya namna hiyo tunayajua. Ungemaliza fildi kwanza, ukishapata alama ndipo ulalamike. Sasa utarudia mwakani."

Raudha alikata simu bila kuaga. Hilo neno "tunayajua" lilimchukiza kuliko ule mguu juu ya meza.

Nampunga walikutana tena bila mgeni yeyote, kutwa nzima, wakagombana, wakakubaliana mapito yazunguke msituni. Ni njia ndefu na Masanja hakuifurahia, lakini aliifuata.

Siku hiyohiyo waliyopima njia, Raudha alipanda bodaboda kutoka kwao Ruangwa kwenda kuomba radhi. Bibi Mwanaima alikuwa anabangua korosho uani. Alimpa kigoda. Raudha alisimulia yote bila kuficha: pedi ya wino, soksi ya Fahadi, kicheko, na kwamba yeye pia alicheka.

Bibi Mwanaima alibangua korosho tatu kabla ya kusema.

"Wewe mtoto wa nani huko Ruangwa?"

Raudha alimtaja baba yake.

"Namjua. Tulikuwa tunauza naye ufuta mnadani." Alitema mate pembeni, akafuta mdomo kwa upande wa khanga. "Nenda, mjukuu wangu. Sina hata tusi la kukupa."

Raudha alisimama, akaaga. Bibi Mwanaima alikuwa ameshashika korosho nyingine.