Mtamba wa Niyonzima

Rungu la kwanza lilimpata baba begani, na hata hapo hakuiachia kamba. La pili likampasua kichwa. Mimi nilikuwa nyuma yake na kibuyu cha pombe ya ndizi, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini vijana wa ulinzi walikuwa wameshapandwa na mori.

"Ng'ombe wa nani?" walikuwa wamemuuliza.

"Wa rafiki yangu Niyonzima, ng'ambo, Burundi. Namrudishia."

Basi. Kwao huo ulikuwa wizi.

Zamani Niyonzima alimpa baba ng'ombe wa urafiki. Kwetu Murusagamba, ng'ombe wa namna hiyo akizaa mtamba, mtamba hurudi kwa aliyetoa. Anaongozwa kwa kamba ya mgomba, bila fimbo, maana ng'ombe wa rafiki hapigwi. Kwa hiyo baba hakuwa na hata kijiti. Alijikinga kwa mkono mmoja, mwingine umeshika kamba.

Siku zote alivuka kwa njia ya panya, kule bondeni. Mkutano wa kata ndio uliomponza. Ofisa kutoka wilayani alitwambia soko la Afrika Mashariki sasa ni moja, tupite barabarani, mambo ya kujificha yamekwisha. Baba akafurahi, maskini. Akavaa koti lake la kanisani, akasema, "Speciosa, leo tunapita barabara kuu kama watu."

Jioni haikumkuta hai.

Ofisa yule alikuja msibani. Alikohoa, akasema soko ni moja kweli, ila mifugo ina kibali chake. Nilitaka kumzaba makofi mbele ya padri. Mama akanishika gauni.

Niyonzima naye alikuja, kwa njia ya bondeni. "Shikamoo baba," nikamwambia, naye akaenda moja kwa moja kwa mtamba, aliyekuwa amefungwa uani. Alimpapasa mtamba taratibu, vidole vikakwama kwenye uvimbe mgongoni.

"Huyu amepigwa," akasema, ndipo akalia.

Hakumchukua. Alituachia, kwa masharti yaleyale.

Yule mtamba alizaa jike, naye sasa amekua. Leo asubuhi nimemfunga kamba ya mgomba. Mama amesimama mlangoni, ameshika fimbo ya baba ya kuchungia, ananinyooshea.

Kibali ninacho mfukoni. Fimbo nimemwambia airudishe ndani.