Lugha Iliyozimwa

Simu ya Mama Ikran, mfugaji wa Kiorma, ilipoingia, Hanan alidhani anapigiwa kushukuriwa kwa onyo la jana.

"Mwanangu, ile sauti yenu ya jana ilisema nini?"

"Ilisema maji yanashuka kutoka Hola, mama. Mhamishe mifugo."

"Ilisema Kiswahili. Zamani inasema Kiorma, nasikiliza mpaka mwisho. Jana nikafikiri ni wale wa kuuza bando, nikakata. Mbuzi wadogo yote imeenda na mto."

Hanan akaketi. Wiki iliyopita kompyuta ya ofisi yao ya Garsen, inayowapigia wanakijiji simu za onyo la mafuriko, ilikuwa ikikwama. Yeye, ndiyo kwanza atoke chuoni na moyo wake wote umo katika kazi hii, alifungua orodha ya programu zinazoendeshwa na Linux, mfumo wa mashine hiyo. Sauti nne, ya Kiswahili, Kipokomo, Kiorma na Kigiriama, kila moja ilionyesha kula megabaiti mia mbili za kumbukumbu ya mashine. Akajumlisha: mia nane, kwenye mashine yenye elfu moja tu! Kikaoni akasema programu ya mwenzake Mangi ni mlafi, lugha moja, Kiorma, ipumzike. "Waorma wengi wanasikia Kiswahili," aliongeza.

Mangi, Mpokomo wa Kulesa aliyeiandika programu ile, alijikuna kidevu. "Haya, msomi. Wewe ndiye uliyepima."

Sasa Hanan aliirudia mashine. Akaiwasha sauti ya Kiorma, macho kwenye kumbukumbu iliyobaki. Ilipungua kidogo mno. Akatafuta kipimo kingine, kile kinachogawanya kilicho cha pamoja. Sauti zote nne zilizaliwa na programu moja, zikisoma kurasa zile zile za kumbukumbu, na orodha iliiandikia kila moja kurasa zote. Ni kama kuwauliza watu wanne wanaokula sinia moja, kila mmoja ajibu, "Nina sinia," nawe uandike sinia nne. Kiorma peke yake kilitaka megabaiti chache tu. Kilichokuwa kikivimba kila siku ni ramani ya mto, yenye rangi nzuri, aliyoitengeneza yeye mwenyewe ili wageni waione.

Akaizima ramani.

"Mangi, ni ramani yangu. Programu yako haina kosa."

Mangi hakugeuka. "Waniambia mimi? Mimi sina mbuzi."

Hanan akampigia Mama Ikran.

"Mama, si mashine. Mimi ndiye niliyezima lugha yenu. Nilihesabu vibaya."

"Ulihesabu nini?"

Akaanza kueleza, akafika kwenye neno "kumbukumbu" akaacha. Mbele ya mwanamke aliyepoteza mbuzi, hesabu ile ilikuwa aibu hata kuitamka.

"Basi, wacha," alisema Mama Ikran. "Kesho njoo uwaambie watu hapa kwa mdomo wako. Na uje na mtu wa kutafsiri. Hii si ya kuambiwa nusu."