Mjane wa Kwenye Trela

Kazi yake ilikuwa kuvisha makochi vitambaa, lakini watu walimwita Jaji, kwa sababu hakuna filamu iliyowahi kupita mbele yake ikaachiwa huru. Jioni rafiki zake wawili, fundi bomba na mwalimu wa hesabu, walikuja karakana wakajitupa juu ya makochi ya wateja, na kesi zikaanza. Filamu mpya zilihukumiwa kwa trela tu. Kungoja filamu yenyewe, kwa Jaji, kulikuwa kuipotezea mahakama muda. Filamu moja tu ya zamani ndiyo haikuwa na doa, na wenzake walikuwa wameisikia hadi masikio yakaota sugu.

Mkewe alishona foronya kwenye cherehani pembeni, amewapa mgongo. Leo mshono ulikuwa ukienda kombo. Trela mpya ilikuwa imetoka, na yeye alikuwamo.

Hakuna aliyejua ila dada yake. Watengeneza filamu walipotafuta watu wa kujaza tukio la msiba, alimwambia mumewe anakwenda kumwona dada, kumbe anakwenda kulia mbele ya kamera. Alilia hata wakamtoa nyuma wakamweka mbele, awe ndiye mjane. Wakampa na kadi ya mwaliko wa uzinduzi wa filamu, ya watu wawili, ambayo sasa ilikuwa mfukoni mwa aproni. Alikuwa amejiwekea nadhiri ya kitoto: mume wangu akinitambua, namtolea kadi hapo hapo. Alitaka kutambuliwa, alitaka mpaka akajionea aibu.

Simu ikaegemezwa kwenye kopo la gundi. Jaji hakungoja hata muziki ukolee. Magari yanakimbia bila kufukuzwa. Shujaa misuli kaja nayo, ila uso kausahau nyumbani. Mwalimu alijaribu kuzitetea picha, akaambiwa arudi kwenye majedwali yake. Kisha cherehani ikanyamaza, maana kilio kilikuwa kimeanza na mwenye kilio alikijua.

"Na huyu mjane wamemwokota wapi?" Jaji akauliza. "Analia kama anamenya vitunguu. Yule mjane wa filamu yangu ya zamani alikuwa akigeuza shingo tu, wewe unatafuta leso. Yule ningemjua hata kwa kisogo, hata gizani."

Fundi bomba alimtazama shemeji yake pale kwenye cherehani, kisha akaitazama simu. Mwalimu akakohoa.

"Hebu ngoja," Jaji akasema. Akairudisha nyuma, akaisimamisha, akaikuza picha kwa vidole viwili. Mkewe aligeuka, mkono uko mfukoni.

"Hiki nakijua," Jaji akasema. "Hiki kilemba ni kitambaa changu. Yale maua mekundu ya makochi ya daktari, hata pale nilipokosea kukata panaonekana. Kuna mtu ananiibia humu ndani. Kikulacho ki nguoni mwako."

Alikuwa amekikuza kilemba mpaka uso umesukumwa nje ya kioo.

"Jaji," fundi bomba akasema polepole, "shuka chini kidogo kwenye hiyo picha."

Akashuka. Kwanza paji la uso, kisha macho, kisha ule mdomo aliokula nao meza moja miaka yote.

Mkewe alikata uzi kwa meno, akasimama. "Kitambaa ulinipa mwenyewe," alisema. "Ulisema nikifanye tambara."

"Mke wangu, kumbe ulilia vizuri sana."

"Nilikuwa namenya vitunguu."

Akaitoa kadi. Jaji alipoona maandishi ya dhahabu uso ukamkunjuka, akanyoosha mkono kama mtu aliyekwisha kusamehewa. Mkewe akaivuta kadi kwake, akavua aproni, akaitundika msumarini.

"Ni ya watu wawili," alisema. "Nitakwenda na dada. Wewe, mume wangu, trela inakutosha."