Kikombe cha Kuvuta Damu

"Miezi mingapi sasa?"

"Minne, mama."

Muuza mitishamba akacheka huku akifunua kopo la uwatu. "Minne kwako ni michache. Mwaka jana ulikaa saba, ukasahau hata pedi zinauzwa wapi!"

Benchi zima la wateja likaangua kicheko. Fundi cherehani aliyeulizwa naye akacheka, kiganja kikifunika kidevu alichokinyoa asubuhi. Homoni zake zilivurugika tangu usichana. Daktari alishamwambia ovari zina vijivimbe, akampa vidonge, vidonge vikamtapisha. Kwa mama huyu alipata mnanaa wa kupunguza ndevu, mdalasini, amri ya kutembea kila jioni, na watu wa kupiga nao soga. Miaka minane ya ndoa bila mtoto, na mawifi hawakumwita tena wifi. Walimwita "yule mwenzetu".

"Na gauni limenibana, mama. Nimelifumua kiunoni mara mbili."

"Mafuta hayo, mwanangu. Umeacha kutembea, mvivu wewe."

Akampimia dawa ile kali, ya kuvuta damu iliyokawia. Wengine huwa anawauliza kwanza kama wamepima mimba. Huyu hakumuuliza. Angemuuliza nini mtu ambaye damu yake haikuwahi kuwa na kalenda?

Siku ya tatu ujumbe ukaingia kwenye simu: *Imekuja mama! Nyingi! Asante!* Muuza mitishamba akapiga kigelegele peke yake dukani, akaona furaha ya mtu mmoja haina ladha. Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Wiki iliyofuata benchi halikutosha, wengine wakakalia ndoo. "Tupe ile ya fundi, usitufiche!" Alikuwa anafunga pakiti ya tatu fundi alipotokea mlangoni, midomo mikavu, gauni likimpwaya. Vigelegele vikamlaki. Wakasogeana, wakamwachia nafasi katikati, kama bibi harusi.

Hakuketi. Alipita moja kwa moja hadi mezani, akaweka karatasi ya hospitali.

Muuza mitishamba alisoma mstari wa kwanza, macho yakagoma kwenda wa pili. Mimba ya wiki kumi na nne. Imeharibika.

"Nilikuandikia asante," fundi alisema, sauti ya chini.

"Mwanangu, sikujua..."

"Hata mimi sikujua. Ila wengine huwa unawauliza."

Muuza mitishamba akafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, na halikuwa la kumwambia mtu: kwamba hata yeye, aliyemtia moyo miaka yote hiyo, hakuwahi kuamini kwamba angeshika mimba.

"Jamani fundi, usitumalizie dawa!" mmoja akatania kutoka kwenye ndoo, na wenzake wakacheka. Yule aliyetania akainuka, akanyoosha mkono, akaishika pakiti iliyokuwa karibu.

Muuza mitishamba akaishika upande wa pili. Hakuivuta, wala hakuiachia.

"Vipi, mama?" mwanamke akauliza, bado anatabasamu.