Aliyebisha Hodi Kwanza

Kitanda kilikuwa kimeshapandishwa kwenye pikapu, miguu juu kama mbuzi aliyechinjwa, na mpima maji bado yumo ndani anafagia nyumba ya serikali ambayo haikuwa yake tena. Mumewe akamuuliza anamfagilia nani. Akahamia chumba cha pili.

Kilichomponza ni adabu. Kazi yake idarani ilikuwa kuchota maji kwenye mabomba ya mitaani na kuyapima. Dawa ya kusafishia maji ikawa inauzwa kwa mlango wa nyuma, na mkuu wa idara akaagiza maji ya kupima yachotwe kwenye chupa kubwa ya maji ya kunywa ya ofisini kwake. Watoto wa bondeni wakaanza kuharisha. Mpima maji alijua ipo sheria ya kumlinda mtumishi anayefichua maovu kwa Tume ya kupambana na ufisadi. Walifundishwa ukumbini, wakanyweshwa soda. Lakini alilelewa kwamba mkubwa hasemwi mgongoni. Basi akabisha hodi kwa mkuu, akamweleza kwa heshima kwamba kesho itabidi aende Tume kumshtaki, asije akasikia pembeni.

Mkuu alimshukuru, akamwita mwanangu. Kulipokucha stoo ilikuwa imejaa dawa, na mpima maji amefukuzwa kwa kughushi vipimo, maana vyote vilipita mkononi mwake. Alikwenda Tume hivyo hivyo. Walimwambia asubiri simu.

Simu ikalia akiwa ameshika ufagio.

"Dada, sheria inamlinda mtumishi," afisa wa Tume alisema. "Wewe ulikuja kwetu umeshafukuzwa."

"Nilimwambia mkuu kabla."

"Mkuu si Tume, dada yangu. Mwizi habishiwi hodi."

Afisa akacheka kidogo, wala si kwa ubaya, kisha akauliza kama anajua maji yatarudi lini mtaani kwao.

Mumewe alikuwa mlangoni, kasikia yote.

"Haya, Mama Adabu," alisema. "Kaa mbele na dereva. Ukimaliza kumwomba ruhusa."

Mkuu alipandishwa cheo, akastaafu na kiinua mgongo chake. Afisa wa Tume alihamishiwa idara ya ardhi. Bondeni walizikwa watoto wawili, mtu na dada yake. Nyumba alipewa mpima maji mpya. Mume alikaa miezi michache, akarudi kwao na kitanda. Mwanamke anafulia watu nguo karibu na stendi ya mabasi.