Baba Akivaa Kofia

Mimi nimezaliwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Mama anasema nilipokuwa mdogo niliibomoa redio nikimtafuta msomaji wa habari, nimwone amekaaje mle ndani. Kwa hiyo siku baba aliposema, "Nipe hiyo kofia," nilijua sitatulia mpaka nijue kwa nini.

Kofia yenyewe ilikuwa mali ya kikundi chetu cha maigizo. Sisi hatumpaki mtu chaki usoni. Kwetu, anayevaa kofia ya kijivu ni mzungu, akiivua ni mwenzetu tena, na hakuna mtazamaji aliyewahi kulalamika. Mchezo tuliokuwa tukiuandaa ulihusu familia iliyojinyima kila kitu ili binti yao akasomee udaktari. Binti nilikuwa mimi. Katika sehemu ya tatu naingia ofisini kwa msajili wa chuo, mwenye kofia, naye ananifukuza kwa ajili ya rangi yangu. Hapo nahamaki na kumwambia, "Siku moja utaumwa, na mkono utakaokuponya utakuwa mweusi!" Mwongozaji wetu aliapa kwamba wakisikia maneno hayo watu watapiga makofi mpaka vumbi lidondoke darini.

Onyesho likiwa limekaribia, mwenye kofia akapata kazi mji mwingine, akatuaga. Baba alikuwa amekaa viti vya nyuma. Alikuwa amestaafu kazi ya kuendesha lifti katika jengo la maofisi, na siku hizo alikuwa akinifuata mazoezini kwa kisingizio kwamba akikaa nyumbani anamkera mama. Huyu ndiye mzee aliyeuita uigizaji kazi ya watu wazima wasio na kazi. Mwongozaji akauliza kwa mzaha kama kuna mwenye kichwa kinachoenea kofia ile, na baba akasimama.

Tulicheka. Kisha akaivaa, akaketi nyuma ya meza, na vicheko vikakauka.

Maandishi ya mchezo yalisema msajili apige meza. Baba aliinuka, akanivutia kiti. Akaniuliza kama nimekuja kwa miguu, akanipa pole ya jua. Akavisoma vyeti vyangu taratibu, akavipanga mpaka kingo zikalingana, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Binti, una akili sana," akasema. "Ni hasara kubwa kwamba chuo hiki si cha watu wa rangi yako."

"Simama hapo!" Mwongozaji alipiga makofi kutusimamisha. "Mzee wangu, huyu ni mbaguzi, siyo baba mkwe. Foka!"

"Hakufoka," baba akasema.

"Nani hakufoka?"

Baba akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Tuendelee na kazi, bwana."

Sasa wewe niambie, mtu kama mimi atalalaje na neno kama hilo? Njiani nikamuuliza, "Baba, nani hakufoka?"

"Angalia unapokanyaga."

Nikajaribu mlango wa pili. Mama alikuwa uani anafua.

"Mama, hivi baba ujanani alitaka kuwa nani?"

"Alitaka kuwa mume wangu."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hakuwepo." Akanipa ncha ya shuka tulikamue. "Pilipili usiyoila yakuwashiani? Mimi mwenyewe nimemuuliza wee, mpaka nimechoka. Ukimuuliza anakwenda kugongea misumari kiti ambacho hakijalegea."

Ni kweli, viti vya nyumba yetu vilikuwa na misumari kupita kiasi.

Kila zoezi likawa lilelile. Mwongozaji akiomba kelele, baba anavuta kiti. Mwishowe mwongozaji akachoka. "Mzee, usipofoka leo, kofia nampa seremala anayetutengenezea jukwaa."

"Mpe," baba akasema. Akaiweka mezani kwa adabu, akatoka nje bila kunitazama.

Roho iliniuma. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nilihisi mshindo wa baba umefika mlangoni, ukizuiwa leo hautatoka tena mpaka anaingia kaburini. Nikamfuata mwongozaji. "Mwache aseme anavyotaka, mara moja tu, mbele ya watu. Wakichoka, utufukuze wote wawili."

Akajikuna ndevu. "Ukoo mzima vichwa mawe! Haya. Lakini wewe mjibu kwa ukali, angalau mmoja wenu aonekane anaigiza."

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana. Ukumbi ulijaa, mama yuko mstari wa mbele, amekumbatia mkoba. Baba akanivutia kiti. Akanipa pole ya jua.

"Mama hajambo?" akauliza. Hilo halikuwemo hata katika mazoezi.

"Hajambo," nikajibu.

"Mwambie amelea vizuri."

Watu walianza kumpenda. Nilimsikia mwanamke mmoja akinong'ona, "Huyu angalau ana utu." Baba akavipanga vyeti, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema maneno yake ya hasara kubwa. Kisha akazunguka meza, akanifungulia mlango, akaushikilia ili nipite.

Ilikuwa zamu yangu kuhamaki. Niliitafuta hasira nikaikosa. Mtu amekupa kiti, amekuulizia mama yako, amekusifu. Utaanza kumshika wapi? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Asante, bwana," nikasema, nikatoka.

Nilirudi nyuma ya pazia. Mwongozaji ameshika kichwa kwa mikono yote miwili. Huko ukumbini hakuna aliyepiga makofi. Baba akaja bado amevaa kofia, kitu ambacho kwetu ni mwiko ukishatoka jukwaani.

"Kwa nini umesema vile?"

"Sijui, baba. Maneno yalinipotea. Nisamehe, nimekuharibia."

Akaivua. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Nilitaka kuchora majengo," akasema. "Nilikuwa na vyeti vya kweli, siyo hivi vyenu vya maboksi. Yule bwana wa chuo akanifungulia mlango, mimi nikamwambia asante. Mtu amekunyang'anya maisha yako, na wewe unamshukuru! Ngazi zote nateremka najitukana. Ningemwambiaje mama yako? Miaka yote hii nimeamini mjinga wa namna hiyo duniani ni mmoja tu."

Akanishika mabega, akaanza kucheka, huku machozi yakizidi kumtoka.

"Hata wewe," akasema. "Hata wewe, na mdomo wote huo!"