Bomba Lililosikia Kigeni

Asubuhi ya Jumatano dobi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, karibu na bomba la uani, anachambua nguo: nyeupe huku, za rangi kule, na zile za kushikwa kwa adabu kwenye beseni la peke yake. Wapangaji wenzake walimwita Mama Povu. Bomba lenyewe lilikuwa kavu tangu mwaka juzi, ila alikaa pale kwa mazoea, kama mtu anayeendelea kulala upande wake wa kitanda hata mwenzake akishaondoka. Maji ya kufulia aliyachota kwenye kisima cha ng'ambo ya barabara kuu. Yalikuwa na chumvi, sabuni haikutoa povu la maana, na mashati meupe yalirudi kwa wenyewe yakiwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Wateja walishaanza kununa. Wengine walishahama kimyakimya, bila hata kuaga.

Mkononi alikuwa na blauzi ya hariri yenye doa la chai kifuani. Alitafuta kile kitambaa kidogo kinachoshonewa ubavuni, chenye maelezo ya ufuaji. Kilikuwa kirefu, kimekunjwa na kukunjuliwa kama utumbo, na maelezo yaleyale yamerudiwa kwa lugha chungu nzima. Kiingereza alikijua, akasoma kwamba blauzi inataka maji baridi. Angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa mtu wa kupenda kujua, na kusoma hakukumpunguzia kitu, basi akashuka kwenye mstari wa Kihispania, akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Alipofika kwenye neno "agua", bomba lilikohoa.

Lilikohoa tena, likatema kutu, kisha likatoa maji.

Dobi akainuka, akaigeuza ile ndoo aliyoikalia, akakinga. Kinyozi, ambaye chumba chake cha kazi kilikuwa mlangoni mwa ua, alitoa kichwa dirishani akiwa na mashine mkononi.

"Umesema nini, Mama Povu?"

"Sijasema. Nasoma blauzi."

"Basi isome tena polepole, nifuate madumu."

Mama mzazi wa dobi, ambaye hakuwa ametoka kitandani tangu miguu ilipomgomea, alisikia mlio huo kutoka chumbani, akauliza nani anamwaga nini. Dobi akampelekea kikombe. Mama akanywa kidogo, akayazungusha mdomoni kwanza kabla ya kumeza.

"Haya si ya huku," alisema. "Lakini matamu. Niongeze."

Kuanzia siku hiyo ua mzima ulipata maji kwa Kihispania. Mtu alisimama mbele ya bomba, akasema neno, akajaza, akaondoka. Aliyekuwa na mafua alisubiri apone au akamtuma mwingine. Mashati ya wateja yakarudi kuwa meupe, na mmoja wa waliohama alirudi akijifanya alikuwa amesafiri.

Kisha neno likachoka. Watoto wa uani walishalizoea, wakawa wanaambiana, "Agua yangu imemwagika," na watu wazima nao wakaagizana agua ya chai bila hata kufikiri. Asubuhi moja dobi alilisema mbele ya bomba kama kawaida, na bomba halikutoa hata pumzi. Alilirudia kwa upole, akalirudia kwa ukali. Halafu akaenda kuleta ile blauzi, ambayo kwa bahati mwenyewe alikuwa hajaifuata, akajaribu mstari wa Kituruki. Alipotamka "su", maji yakaruka kwa kishindo, mafupi na ya ghafla kama neno lenyewe.

Hapo ndipo alipoelewa utaratibu wa jambo. Bomba lilitoa maji kwa neno geni tu. Neno likishakuwa la kwao, bomba lilijifunga. Kiingereza hakikufua dafu tangu mwanzo, kwa kuwa kila mtu pale uani alikijua japo cha kuombea maji.

Dobi hakuhuzunika. Kusema kweli alifurahi, kwa sababu sasa alikuwa na kisingizio cha kuuliza. Aliwauliza wateja, aliuliza mafundi wa simu, alisoma kila nguo iliyopita mikononi mwake. Aligundua kwamba voda ya Kirusi, Wasser ya Kijerumani na vatn ya watu wa Aislandi ni ndugu wa tumbo moja waliotawanyika, kwani yote matatu yalileta maji ya ladha ileile, ya baridi ya kuuma meno. Vesi ya Kifini ilikuwa laini, sabuni iliipenda. Nero ya Kigiriki ilikuja ikimetameta. Alipojaribu amanzi ya Kizulu, bomba lilidondosha matone machache tu likajifunga, kama mtu aliyefungua mlango kidogo, akaona ni ndugu yake amekuja kukopa.

Kilichomshangaza zaidi mama yake ni Kijapani. Neno mizu lilileta maji baridi peke yake, hata ukibembeleza. Dobi akaulizauliza, akaambiwa kwamba watu wale wana neno jingine kabisa la maji ya moto, yu. Alilisema jioni hiyo, na mvuke mweupe ukapanda kutoka kwenye bomba. Akamwogesha mama yake kwa maji ya moto mgongoni, shingoni, katikati ya vidole vya miguu ile iliyogoma. Mama alifumba macho muda wote.

"Wametenganisha," alisema akiwa anafutwa. "Watu wenye akili. Maji ya moto si maji, ni kitu kingine."

Kinyozi naye alikusanya maneno kwa wateja wake, maana mtu aliyeshikiwa wembe shingoni hana haraka ya kubisha. Dereva mmoja wa lori alimpa neno la nchi ya mbali, akaapa kwamba ndilo. Kinyozi alilitamka mbele ya ua mzima, kifua mbele. Bomba likamtemea matope usoni. Baadaye ilijulikana kuwa lilikuwa tusi.

Kaka yake dobi alikuwa fundi wa mamlaka ya maji. Kila Ijumaa alipita kumwona mama, na kila alipokuja alishusha madumu mawili kutoka kwenye gari la kazi, yamejaa maji safi ya mlimani. Mama alikuwa akiwatajia wageni madumu hayo hata kabla hawajauliza habari zake. Ijumaa iliyofuata baada ya yale ya Kijapani, kaka aliingia uani na madumu yake na kumkuta dada yake anakinga ndoo kwa Kikorea.

Aliweka madumu chini. Hakuuliza maji yametoka wapi. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye bomba, kisha sikio.

"Hili bomba halina maji," alisema.

Ndoo ilikuwa inafurika mbele yake.

"Si unaona mwenyewe, kaka."

"Naona. Lakini haliwezi kuwa nayo. Koki ya huku niliifunga kwa mikono yangu."

Kinyozi alizima mashine. Mteja wake alikuwa amenyolewa nusu kichwa, naye hakudai kumaliziwa.

"Uliifunga lini?" aliuliza dobi.

"Mwaka juzi. Zile nyumba mpya za mlimani zilipokwisha kujengwa. Maji hayatoshi pande zote, dada. Niliambiwa nifunge upande mmoja."

"Na upande mmoja ndiyo sisi."

"Kwenye ramani ya ofisi hapa pameandikwa ghala. Hakuna watu."

"Sasa wewe kila Ijumaa unakuja kumsalimia nani? Magunia?"

Kaka alivua kofia yake yenye nembo, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Ningekataa wangemtuma mwingine. Angefunga vilevile, na mama asingeletewa hata kikombe."

Lilikuwa kweli, na hilo ndilo lililomuudhi dobi. Alikumbuka safari zote za kuvuka barabara kuu na ndoo kichwani, magari yakimpigia honi. Alikumbuka pia jinsi alivyokuwa akimshukuru kaka yake kila Ijumaa, na wakati mwingine akimfulia sare zake bure.

Sauti ya mama ikatoka dirishani. "Mwanangu, hebu ongea na hilo bomba. Kwa lugha yetu."

"Niliambie nini, mama?"

"Liombe maji. Kwani wewe ukiwa na kiu husemaje?"

Kaka akasimama wima, na sare yake na buti zake, akasema, "Maji." Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwagiza mhudumu hotelini huku akiendelea na mazungumzo yake.

Bomba likafoka. Maji yalitoka kwa nguvu kuliko lugha yoyote iliyotangulia, yakaiangusha ndoo, yakamwingia kwenye buti. Alipogeuka, yakakatika. Dobi akaja akasimama palepale kwenye unyevu, akasema, "Maji," kwa sauti ileile. Hakikutoka kitu. Kinyozi akajaribu, akaongezea tafadhali. Hakikutoka kitu.

"Kumbe linasikia vizuri tu," alisema mama kutoka dirishani.

Kinyozi alimtazama fundi kichwani. "Kaka, hiyo kofia huwezi kutuachia?"

"Ina namba yangu ya kazi," alisema kaka.

Mama alimwita kaka chumbani. Walizungumza mlango ukiwa umefungwa, na alipotoka alisema ataenda kuwaambia wakubwa wake kwamba pale kuna watu. Lazima tumtendee haki: alienda kweli. Aliwaambia, na hawakumfukuza. Walikuja.

Alikuja mhandisi, mama mmoja mpole mwenye buti safi, na karani wake. Dobi aliwapa viti, akawaeleza mambo kwa mpangilio: koki, ramani, kisima cha chumvi, mama asiyetoka kitandani. Mhandisi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akaomba kuliona hilo bomba likifanya kazi.

Dobi angeweza kusema leo limegoma. Kinyozi alimkonyeza sana, mpaka karani akadhani ana tatizo la jicho. Lakini dobi alikuwa na neno jipya la Kimalagasi, rano, ambalo hakuwa amelijaribu, na tangu asubuhi alikuwa akijiuliza litaleta maji ya namna gani. Hakuweza kujizuia. Alilisema. Yakaja maji mengi, yenye harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa. Mhandisi akajaza glasi, akaiinua kwenye mwanga, akanywa.

"Safi kuliko ya kwangu nyumbani," alisema. "Umesema rano? Linaandikwaje?"

Karani akaandika linavyoandikwa.

"Lakini halidumu," alisema dobi. "Tukishalizoea linakoma. Inabidi tutafute jingine."

"Lugha ni nyingi, dada yangu," alisema mhandisi kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayemtia moyo mgonjwa. "Zinafika maelfu. Msikate tamaa."

Ramani ya ofisi ilirekebishwa wiki hiyohiyo. Neno ghala lilifutwa, pakaandikwa kwamba hapo wanaishi wakazi wenye chanzo chao cha maji. Kwa kuwa wana chanzo chao, koki ya upande ule haikuwa na kazi tena, na koki isiyo na kazi huvuja. Ikaagizwa ichomelewe. Ruhusa ya kaka ya kuchukua madumu ya Ijumaa nayo ikafutwa. Aliyetumwa kuchomelea ni fundi anayelijua eneo.

Ijumaa hiyo kaka alikuja mikono mitupu. Mikono yenyewe ilikuwa myeusi kwa masizi ya kuchomelea, na kwenye kidole kimoja alikuwa ameungua. Alisimama katikati ya ua, hajui pa kukaa. Kinyozi alimsalimia kwa kichwa akaendelea na kazi yake.

Dobi alikuwa na beseni la nguo za mama linalosubiri. Rano ilikuwa imeanza kuchoka, kwa sababu watoto walishaitungia wimbo. Alikuwa ameweka akiba neno moja la Kiguarani, ambalo ni irabu tupu, ndogo kuliko maneno yote aliyowahi kupata: huandikwa y, lakini husemwa ndani kooni, midomo ikiwa imevutwa nyuma, si i wala si u. Alikuwa amelifanyia mazoezi akipiga pasi. Alikuwa akijiuliza watu gani hao waliokifupisha kitu kikubwa hivyo mpaka kikaenea kwenye pumzi moja.

Alilisema. Kwa muda hapakuwa na kitu, kisha maji yakaja taratibu, bila kelele, mazito na ya kijani kidogo kama yamepita chini ya majani.

Alijaza beseni la mama kwanza. Halafu akachota kata moja, akamwashiria kaka yake asogee, akammiminia mikononi. Masizi yakatiririka. Kaka alijisugua, akikiepuka kile kidole kilichoungua.

"Hilo ni la wapi?" aliuliza.

"Mbali."

Akalijaribu chinichini, akavuta midomo nyuma kama alivyomwona dada yake akifanya. Likatoka karibu sawa. Akalirudia.

"Usilizoee, kaka," alisema dobi.

Akaacha kulirudia, akanawa hadi viwikoni. Kisha akaingia ndani kumsalimia mama, akakaa naye mpaka jua likazama. Kesho yake alikuwa na zamu, akazifungulia zile nyumba za mlimani maji saa ileile ya kila siku.